Desibeli sita, ardhi mara nne: Namna ya kuchagua ekzosi tulivu ya kwadi ya michezo

Katika maeneo ya jimbo la California yaliyotengwa kwa vyombo vya nje ya barabara, askari wa hifadhi anaweza kukusimamisha ukiwa hujafanya kosa lolote la uendeshaji. Anakuomba uweke gia huru na uzungushe injini hadi nusu ya kikomo chake. Anasogeza kipimasauti nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembe ya digrii 45, kimo sawa na mdomo wenyewe, kisha anasoma namba. Kwa chombo kilichotengenezwa kuanzia mwaka 1986, kikomo ni desibeli 96. Cha zamani zaidi kinaruhusiwa 101. Sheria hiyo inatumika tangu Januari 2003, na anayezidi kikomo huweza kuandikiwa faini na kuzuiwa kuendelea.

Wengi wanaokamatwa kwa kosa hili wamelilipia wenyewe. Kwadi ya michezo, yaani pikipiki nyepesi ya magurudumu manne inayobeba mtu mmoja na kusukumwa na magurudumu ya nyuma, hutoka kiwandani ikiwa na silensa inayojua kazi yake. Ndivyo zilivyotoka Yamaha YFZ450 na Raptor 700, Honda TRX450R, Suzuki LT-R450 na wenzao. Lakini katika utamaduni wa mchezo huu, kitu cha kwanza kubadilishwa huwa ekzosi. Ile ya kiwandani ni nzito, ni ya chuma, na mlio wake hauna mvuto kwa kijana aliyesubiri miaka kupata chombo chake. Mamia ya dola yanatoka mfukoni, silensa mpya inafungwa, na kuanzia siku hiyo bonde zima linajua ametoka nyumbani.

Sina ugomvi na anayetaka ekzosi mpya. Zipo sababu nzuri za kuibadilisha: uzito kupungua, injini kupumua vizuri zaidi, au ile ya awali kuoza na kupasuka. Ninachosisitiza ni mpangilio wa maswali. Wanunuzi wengi huanza na nguvu, wakaenda kwenye umbo na bei, na sauti wakaikumbuka mwisho. Ningeanza na sauti, kwa kuwa ndiyo itakayoamua kama miaka kumi ijayo kutakuwa na mahali pa kuendeshea kwadi hiyo.

Ardhi inayotolewa kwa masharti

Februari 8, 1972, Rais Richard Nixon alitia saini amri ya utendaji namba 11644 kuhusu vyombo vya nje ya barabara katika ardhi ya umma. Amri hiyo iliziagiza taasisi za serikali kupanga njia kwa namna itakayopunguza mgongano kati ya waendeshaji na watumiaji wengine wa ardhi, na ilitaja kelele kwa jina miongoni mwa mambo ya kuzingatiwa. Mwaka 1977, Rais Jimmy Carter akaongeza makali kwa amri namba 11989, iliyowapa wasimamizi uwezo wa kufunga eneo mara moja pale vyombo hivi vinapoleta madhara makubwa kwa mazingira. Mwaka 2005, Idara ya Misitu ya Marekani ikatoa kanuni iliyoutaka kila msitu wa taifa kuainisha barabara, njia na maeneo yanayoruhusiwa. Pasipoainishwa, pamefungwa.

Kwa hiyo mwenye kwadi wa Marekani hana haki ya asili ya kwenda popote. Anapewa ardhi kwa masharti, na masharti hayo hupitiwa upya. Vikao vya kupanga njia vikikaa, wanaokuja kulalamika ni wakazi wa jirani, wafugaji, wawindaji na watembea kwa miguu. Vumbi hubaki karibu na njia. Alama za magurudumu huonekana na anayepita hapo tu. Sauti ndiyo inayovuka kilima na kuingia jikoni kwa mtu ambaye hajawahi kuiona kwadi yenyewe.

Katika milima ya kusini mwa West Virginia, hali hiyo iko wazi zaidi. Mtandao wa njia za Hatfield-McCoy, uliofunguliwa mwaka 2000, kwa sehemu kubwa umepita katika ardhi ya watu binafsi, hasa kampuni za makaa ya mawe na mbao, kwa makubaliano maalumu. Njia zake zinaunganika na miji midogo ambako waendeshaji hulala, hula na kununua mafuta. Uhai wa mpango wa namna hiyo uko katika ridhaa ya mwenye ardhi na uvumilivu wa mwenye nyumba. Waendeshaji wa Marekani wameliona hilo zamani, na wana kaulimbiu yao: kelele zikipungua, ardhi inaongezeka.

Hesabu ambayo kila mnunuzi aijue

Kaulimbiu hiyo ina hesabu nyuma yake. Desibeli ni kipimo kinachopanda kwa kuzidisha. Zikiongezeka tatu, nishati ya sauti imekuwa maradufu. Zikiongezeka kumi, nishati imekuwa mara kumi, na sikio la binadamu husikia kama sauti imeongezeka mara mbili. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hushuka kwa desibeli sita hivi.

Chukua kwadi mbili uwandani, moja ya desibeli 96 na nyingine ya 102, zote zimepimwa nusu mita kutoka kwenye ekzosi. Ile ya kwanza, ukiwa mita 64 mbali nayo, sauti imeshuka hadi 54 hivi. Ile ya pili inahitaji mita 128 kufika kiwango hichohicho. Upana wa duara la usumbufu umekuwa mara mbili, na eneo la duara linapopanuka hivyo huwa mara nne. Vilima, miti na upepo vitabadilisha namba halisi, lakini uwiano unabaki kuwa mwongozo mzuri: kwa desibeli sita tu za ziada, ardhi inayobeba kelele yako imeongezeka mara nne. Kwa desibeli kumi na mbili, mara kumi na sita.

Hesabu ya kundi inafundisha zaidi. Kwadi kumi za desibeli 92 zikiunguruma pamoja hutoa nishati ya sauti sawa na kwadi moja ya 102. Kwa hiyo katika msafara wa watu kumi, tisa wakiwa na ekzosi tulivu na mmoja akiwa na ya mbio, huyo mmoja anapiga kelele kuliko wenzake wote tisa wakijumlishwa. Watu wa nyumba za jirani hawatahesabu tisa waliojali. Watakumbuka kwamba kwadi zilipita.

Kuna jambo moja ambalo namba ya desibeli haisemi. Injini ya silinda moja ya mipigo minne huwaka mara moja kila mizunguko miwili. Ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, inapiga mara 75 kwa sekunde, na huo ni mlio mzito wa chini. Milio ya chini husafiri mbali na kupenya kuta, wakati ile mikali humezwa mapema na hewa na majani. Kipimo cha desibeli kinachotumiwa na askari kimerekebishwa kufuata sikio, hivyo hupunguza sana uzito wa milio ya chini. Kwenye mitetemo 63 kwa sekunde, punguzo ni kama desibeli 26. Ndiyo maana silensa mbili zinaweza kusoma 96 zote, lakini moja ikatikisa dirisha la mtu na nyingine ikapotea njiani. Ukipata nafasi, mwambie mwenzako apite na kwadi umbali wa mita mia mbili au tatu, nawe usikilize.

Ndani ya silensa

Silensa ya kiwandani kwa kawaida imegawanywa vyumba kwa kuta za chuma. Moshi hulazimika kugeuka na kupita kwenye mabomba mafupi kutoka chumba hadi chumba, na mawimbi ya sauti hugonga kuta, yakarudi na kuuana yenyewe kwa yenyewe. Mbinu hii inashika vizuri milio mizito. Gharama yake ni uzito, na moshi kubanwa kidogo.

Silensa nyingi za michezo zimejengwa kwa njia nyingine. Katikati kuna bomba lililonyooka lenye matundu mengi, na kulizunguka kumejazwa pamba ya nyuzi za kioo. Moshi unapita moja kwa moja, sauti inachepuka kwenye matundu na kugeuzwa joto ndani ya pamba. Muundo huu ni mwepesi na hunyamazisha vizuri milio mikali, lakini ile mizito huiachia ipite.

Silensa tulivu za kisasa huchanganya njia hizo mbili, au huongeza ujazo wa kopo, au hupunguza mdomo wa kutokea. Kati ya silensa mbili za muundo mmoja, yenye kopo refu na pana zaidi karibu kila mara ndiyo itakayokuwa tulivu, kwa kuwa sauti inahitaji nafasi ya kufia. Kikopo kifupi cha kupendeza macho, chenye mdomo mpana, hakiwezi kuishinda hesabu hiyo hata kikiandikwa maneno gani ubavuni.

Kelele na nguvu ni vitu viwili

Imani kwamba mlio mkubwa ni dalili ya nguvu ina mizizi mirefu, na haiko Marekani peke yake. Kijana wa bodaboda anayetoboa silensa yake anaishi na imani hiyohiyo. Ipimwe kwa hesabu. Sauti ya desibeli 102 iliyopimwa nusu mita kutoka kwenye ekzosi haifiki hata wati moja ya nguvu. Injini ya kwadi ya sentimita za ujazo 450 hutoa karibu kilowati 30. Unachokisikia hakina uzito wowote katika kusukuma magurudumu.

Kinacholeta tofauti ya kweli ni mwendo wa moshi. Bomba la mbele, lile linalotoka kwenye injini hadi kwenye silensa, likiwa na urefu na upana uliokokotolewa, mawimbi ya shinikizo yanayorudi ndani yake husaidia kunyonya moshi kabla vali haijafunga. Kazi hiyo inafanyika mbali na mdomo wa silensa. Mdomo ukibanwa, hasara hujitokeza hasa kwenye mizunguko ya juu kabisa, pale ambapo mshindani wa mbio huishi kwa muda mrefu. Anayezunguka kwenye njia za msituni, akipanda mawe na kukata kona, hutumia zaidi mizunguko ya kati. Kwake silensa tulivu iliyotengenezwa vizuri haimnyimi kitu, na kwa kuwa haimchoshi masikio, ataendesha vizuri hata saa za jioni.

Masikio hayo nayo yana hesabu. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inapendekeza mtu asikae kwenye sauti ya desibeli 85 zaidi ya saa nane, na kila zinapoongezeka tatu muda huo ukatwe nusu. Kwa desibeli 100, muda uliobaki ni dakika 15. Helmeti imetengenezwa kulinda fuvu, na msaada wake kwa masikio ni mdogo. Vizibo vya masikioni ni vya bei ndogo na kila mwendeshaji anapaswa kuwa navyo, hata mwenye ekzosi tulivu.

Namna ya kuchagua

Anza na ardhi unayoendeshea. Tafuta kikomo cha chini kabisa katika maeneo unayotembelea. Katika matuta ya mchanga ya Oregon, kwenye pwani ya Pasifiki, kikomo ni desibeli 93. Michigan inataka 94. Colorado, kwa vyombo vilivyotengenezwa kuanzia mwaka 1998, ni 96. Ukishapata namba yako, lenga desibeli tatu chini yake, kwa sababu silensa huchakaa na sauti hupanda. Atakayenunua ekzosi ya 96 kwa eneo la 96 amenunua kosa la mwakani.

Kisha muulize muuzaji namba pamoja na masharti yake: imepimwa umbali gani, kwa mizunguko mingapi, kwenye kwadi gani, ikiwa na kizuia cheche na kizibo cha mdomo au bila. Silensa moja hutoa namba moja kwenye mizunguko 4,000 na nyingine kabisa kwenye nusu ya kikomo cha injini inayokimbia sana. Neno "tulivu" kwenye tangazo, bila namba, usilihesabu. Na ukikuta maandishi kwamba bidhaa ni kwa mashindano katika uwanja uliofungwa tu, yaamini. Mtengenezaji anakwambia kwamba hakukusudia uipeleke msituni.

Swali linalofuata ni kama utabadilisha silensa peke yake au mfumo mzima pamoja na bomba la mbele. Kwa anayetafuta utulivu na wepesi, silensa peke yake inatosha, ni nafuu, na marekebisho yake ya mafuta ni madogo. Mfumo mzima una maana kwa aliyeifanyia injini kazi nyingine.

Angalia pia kama utulivu umejengwa ndani au umebandikwa. Baadhi ya silensa za mbio huuzwa na kizibo chenye tundu dogo cha kuchomeka mdomoni. Kinasaidia, lakini hubana moshi ghafla, na kwa kuwa kinatoka kwa skrubu moja, wengi hukichomoa mara tu wanapopita langoni. Silensa iliyobuniwa tulivu tangu mwanzo, kama Q4 ya kampuni ya FMF ya California, ambayo ina kizuia cheche ndani yake, haimpi mtu kishawishi hicho. SuperTrapp wana njia yao: mdomo wenye visahani vilivyopangwa, ukiviongeza moshi unapita zaidi na sauti inapanda, ukivipunguza inashuka. Kwa mtu mwaminifu anayeendesha sehemu zenye vikomo tofauti, huo ni uhuru wa maana.

Kizuia cheche si cha hiari. Katika misitu ya taifa ya Marekani, kuendesha chombo kisicho na kizuia cheche kilichoidhinishwa na Idara ya Misitu ni kosa, na alama ya idhini hupigwa kwenye silensa yenyewe. Katika nchi kavu ya magharibi, punje moja ya kaboni iliyowaka inatosha kuunguza mlima. Tafuta alama hiyo kabla ya kutoa pesa.

Wenye kwadi za zamani za mipigo miwili, kama Yamaha Banshee, wana kazi ya ziada. Bomba lao kubwa lililotuna ni sehemu ya ufanyaji kazi wa injini, na silensa yake ndogo mwishoni hulowa mafuta mapema. Kwao pamba inayobadilishwa kwa wakati ina thamani kuliko chapa yoyote.

Mwisho wa orodha hii naweka ushauri ambao maduka hayautangazi. Kwa kuwa waendeshaji wengi huvua ekzosi ya kiwandani ikiwa bado mpya, nyingi ziko kwenye magereji na masoko ya mitumba. Aliyenunua kwadi iliyotumika ikiwa na ekzosi ya kelele anaweza kurudisha ile ya asili kwa sehemu ndogo ya bei ya mpya, akapata utulivu, kizuia cheche na mpangilio wa mafuta uliokokotolewa na waliounda injini.

Baada ya kuifunga

Ekzosi mpya hubadilisha kiasi cha hewa injini inachovuta, na mafuta lazima yafuate. Kwadi ya kabureta, kama YFZ450 ya mwaka 2004, itahitaji kubadilishiwa jeti. Ile ya sindano za mafuta, kama YFZ450R iliyoingia sokoni mwaka 2009, huenda ikahitaji kompyuta yake kurekebishwa. Hewa ikizidi mafuta, injini hupata joto kupita kiasi, hupiga mapasuko unapoachia kaba, na mwishowe pistoni huungua. Mapasuko hayohayo husikika kiungo cha bomba kinapovuja, kwa hiyo fundi akague viungo na gasketi kabla ya kugusa jeti.

Kifuniko cha boksi la hewa kiachwe mahali pake. Wengi hukitoa ili injini ivute zaidi, wakasahau kwamba injini hunguruma kwa mdomo wa kuingizia hewa pia. Mtu anaweza kulipa pesa nyingi kwa silensa tulivu kisha akazitupa desibeli zilezile kupitia chini ya kiti.

Pamba ya ndani huungua na kupeperuka kidogo kidogo. Mlio ukianza kuwa mkavu na wa bati, au ganda la kopo likianza kubadilika rangi kwa joto, muda umefika. Ribiti hutobolewa, pamba ya zamani hutolewa kwa mikono yenye glovu, mpya hufungwa kwa kukaza na ribiti hupigwa upya. Ni kazi ya alasiri moja. Wavu wa kizuia cheche nao usafishwe masizi, maana ukiziba injini hupoteza nguvu na lawama huangukia silensa isiyo na hatia.

Hatimaye pima mwenyewe: uwanja wa wazi, pasipo ukuta wala gari kwa mita tano kuzunguka, kipimasauti nusu mita, digrii 45, nusu ya kikomo cha mizunguko. Programu ya simu haitakupa namba ya kisheria, lakini itakuonyesha kama sauti imepanda tangu msimu uliopita. Vilabu vinavyomiliki kipimasauti vingefanya vizuri kuwapimia wanachama wote kabla ya kila msafara, na kumkataza mwenzao aliyezidi asiondoke nao. Hesabu ya mmoja na tisa inawapa sababu ya kufanya hivyo bila kuona haya. Mwenye kwadi anayechagua utulivu analinda njia anayoipenda kwa kitu alicho nacho mkononi, na anapoingia kwenye kikao cha kupanga njia kuomba ardhi ibaki wazi, anaingia akiwa tayari ametimiza sehemu yake ya makubaliano.